Uzio wa Siku Nne

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii tunamwambia mgeni, ili akumbuke kwamba karamu ina mwisho. Lakini ukiisikiliza vizuri utaona inamwambia mwenyeji pia. Jembe sharti liwepo. Shamba sharti lionyeshwe, na mipaka yake. Mwenyeji asiyempa mgeni jembe siku ya tatu hana haki ya kumwita mvivu siku ya kumi.

Kwa methali hiyo nataka kuipima sheria moja ya Wikipedia ya Kiingereza, ile kamusi elezo ya mtandaoni inayojitangaza kuwa kila mtu anaweza kuiandika. Sheria yenyewe ni fupi. Mtu aliyejiandikisha leo haruhusiwi kuanzisha makala mpya moja kwa moja. Anaweza kusahihisha makala zilizopo, kuongeza sentensi, kurekebisha tarehe. Bali kufungua ukurasa mpya wenye jina jipya hawezi, mpaka akaunti yake itimize siku 4 naye awe amefanya mabadiliko yasiyopungua 10. Kabla ya hapo, akiwa na jambo jipya, aliandike kama rasimu, ailete mbele ya wakaguzi, kisha angoje. Sheria hii imekuwa ya kudumu tangu Aprili 2018.

Msomaji atauliza: siku nne ni kitu gani? Mtu huweza kungoja zaidi ya hapo kupata cheti cha kuzaliwa. Nami nakubaliana naye. Sina ugomvi na siku nne. Wala siamini kwamba nyumba isiyo na mlango ndiyo nyumba ya ukarimu. Nyumba isiyo na mlango ni gofu. Ninachotaka kukihakiki ni jinsi uzio huu ulivyojengwa, na hasa hesabu iliyotumiwa kuujenga. Walihesabu uchovu wa walinzi, wakauhesabu vizuri. Walioondoka langoni wakarudi makwao kimya, hao hawakuwa na wa kuwahesabu.

Inatupasa kwanza kurudi mwanzo. Mwaka 2000 Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha kamusi elezo iliyoitwa Nupedia. Nia yao ilikuwa njema na taratibu zao zilikuwa kali. Waandishi walitakiwa kuwa wataalamu, na kila makala ilipitishwa katika hatua saba za ukaguzi. Ilipofungwa mwaka 2003, makala zilizokuwa zimekamilika zilikuwa kama dazeni mbili tu. Wikipedia, iliyozinduliwa tarehe 15 Januari 2001 kama kijito cha kuipelekea Nupedia maji, haikuwa na lango wala bawabu. Kabla mwaka wake wa kwanza haujesha ilikuwa na makala karibu 20,000. Nyingi zilikuwa fupi, na nyingine zilikuwa na makosa ya kuchekesha. Lakini zilikuwapo, na kilichopo hurekebishika.

Basi Wikipedia ilizaliwa kutokana na kushindwa kwa lango. Jambo hili tulishike, kwa sababu yote yaliyofuata ni habari ya lango kurudishwa kidogokidogo, ubao baada ya ubao.

Ubao wa kwanza ulipigiliwa mwaka 2005. Mwezi Mei mwaka huo mtu asiyejiandikisha alifungua ukurasa kuhusu John Seigenthaler, mwandishi wa habari mashuhuri wa Marekani, akaandika kwamba aliwahi kushukiwa katika mauaji ya John Kennedy na ya mdogo wake, Robert. Ulikuwa uongo mtupu. Seigenthaler alikuwa amefanya kazi na Robert Kennedy, na alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake. Uongo huo ulikaa miezi minne bila kuguswa. Mwezi Novemba mzee huyo aliandika katika gazeti la USA Today akaeleza alivyodhulumiwa, na mwezi Desemba Wikipedia ya Kiingereza ikatangaza kwamba wasiojiandikisha hawataruhusiwa tena kuanzisha makala. Ilisemwa kuwa ni jaribio. Jaribio hilo halijaondolewa mpaka leo.

Hapa mhakiki hana budi kuuliza: dawa hii iliulenga ugonjwa gani? Kujiandikisha ni kazi ya dakika moja, na jina la kubuni linatosha. Tena yule mzushi alipatikana kwa sababu hakujiandikisha: namba ya kompyuta aliyoitumia ilibaki wazi katika kumbukumbu za ukurasa, watu wakaifuata mpaka mahali alipofanyia kazi. Angejiandikisha kwa jina la uongo, namba ile isingeonekana. Uongo wake ulikaa miezi minne si kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, bali kwa kuwa hakuna aliyepita chumbani kutazama. Kilichokosekana ni macho. Kilichoongezwa ni komeo.

Ubao wa pili ulichukua muda. Mwaka 2011 wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walijadiliana, na wengi wao wakataka ufanyike majaribio ya kuwazuia wapya wasianzishe makala. Shirika la Wikimedia, linalomiliki mitambo, likakataa, likisema kwamba jambo hilo linakwenda kinyume na msingi wa kamusi yenyewe. Miaka sita ikapita. Kufikia mwaka 2017 kurasa mpya zilizokuwa zikingoja kukaguliwa zilikuwa zimepita 20,000, na wakaguzi walikuwa hoi. Safari hii shirika likaridhia. Majaribio yakaanza Septemba 2017, yakaendelea miezi sita, na baada yake jumuiya ikapiga muhuri.

Nisiwaonee wakaguzi. Hawalipwi hata senti. Mtu ametoka kazini jioni, ameketi mbele ya kompyuta, na mbele yake kuna kurasa mpya mamia kila siku. Huu ni tangazo la duka la viatu. Huu ni matusi kwa mwalimu wa hisabati. Huu umenakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye kitabu cha mtu. Huu ni wa kijana aliyeandika kwamba yeye ni mwanamuziki maarufu, na wimbo wake wa kwanza utatoka mwezi ujao. Katikati ya takataka hizo umo ukurasa mmoja wa maana, umeandikwa vibaya na mtu anayejua jambo lakini hajui taratibu. Anayefagia uwanja mkubwa hivyo kwa ufagio mmoja atafagia na lulu, wala hatujui kama sisi tungefagia vizuri zaidi yake.

Matokeo ya majaribio nayo yaliwapa nguvu waliotaka uzio. Kurasa zilizofutwa zilipungua, na uchunguzi haukuona kwamba watu wanaojiandikisha walipungua. Lakini rasimu zilizopelekwa kwa wakaguzi ziliongezeka. Maana yake foleni haikwisha. Ilitolewa sebuleni ikapelekwa barazani. Na aliyeko barazani haonekani. Zamani makala ya mgeni ilipofutwa, kulikuwa na kumbukumbu ya kufutwa, na mara nyingine kulikuwa na mjadala ambao mtu yeyote angeweza kuingia akaitetea. Rasimu haina msiba wa namna hiyo. Mkaguzi huiweka jibu lililokwisha kuandikwa tayari, lilelile wanalopewa mamia. Mgeni husoma, haelewi, huondoka. Rasimu ikikaa miezi 6 bila kuguswa, inaweza kufutwa. Katika hesabu za nyumba hiyo hakuna aliyefukuzwa.

Kuna visa vitatu ninavyopenda kuviweka pamoja, kwa sababu vinaonyesha kwamba tatizo ni la zamani kuliko sheria, na kwamba sheria haikuligusa.

Mwezi Septemba 2007 Jimmy Wales mwenyewe alikuwa Afrika Kusini, akala chakula cha mchana Mzoli's, bucha iliyokuwa Gugulethu, katika jiji la Cape Town. Mteja alichagua nyama mbichi, ikachomwa, akaila katikati ya muziki na umati. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji maelezo zaidi: ni pahali pa nyama choma, na kila mji wetu una pake. Wales akaanzisha makala ya sentensi moja kuhusu bucha hiyo. Baada ya dakika 22 ikafutwa, kwa kuwa haikuonyesha umuhimu wowote. Mwanzilishi wa nyumba alikuwa amefungiwa mlango na bawabu wake! Ukazuka ubishi mkubwa, watu wakatafuta habari za magazeti, makala ikarudishwa na kunenepa. Lakini tuseme kweli: kilichoiokoa ni jina la aliyeiandika. Lau ingeandikwa na mchoma nyama wa palepale Gugulethu, nani angegombana kwa ajili yake?

Mwezi Machi 2010, Nairobi, kundi la Just a Band lilitoa video ya wimbo Ha-He, yenye shujaa aitwaye Makmende. Jina hilo Wakenya walilijua tangu utotoni. Ni jina la mtu anayejidai hashindwi. Kwa siku chache nchi nzima ikawa inatunga vichekesho vya Makmende, na vijana wakamwandikia makala katika Wikipedia ya Kiingereza. Ikafutwa. Ikaandikwa tena, ikafutwa tena, kabla ya kuachwa isimame. Bawabu aliyekuwa mbali hakuwa na njia ya kutofautisha kati ya mzaha wa mtoto mmoja na mzaha wa taifa zima. Simlaumu kwa kutojua. Namlaumu kwa kufuta kabla ya kuuliza.

Kisa cha tatu hakina Afrika ndani yake. Mwezi Mei 2018, rasimu kuhusu Donna Strickland, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, ilikataliwa kwa maelezo kwamba marejeo yake hayakutosha kuonyesha umuhimu. Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo alitangazwa kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, mwanamke wa tatu kuipata tangu Marie Curie, na siku hiyo makala yake ikapatikana. Gérard Mourou, aliyeshinda pamoja naye kwa kazi waliyoifanya wote wawili, alikwisha kuwa na makala. Mkaguzi yule hakuvunja kanuni hata moja. Alizifuata zote. Hilo ndilo linalotia shaka: kwamba mtu anaweza kufuata kila kanuni ya lango na bado akamwacha nje mtu kama huyo, kwa sababu kanuni inauliza magazeti yamesema nini juu yako, na magazeti yana wapendwa wao.

Kuhusu kanuni hiyo ya ushahidi, kitabu hiki ulichokishika, ndugu msomaji, ni mfano mzuri. Nimekichapisha kwa fedha yangu. Kwa kanuni za Wikipedia, kitabu kilichochapwa na mwandishi mwenyewe kwa kawaida hakikubaliki kuwa ushahidi, maana hakuna mhariri aliyesimama kati ya kalamu na mashine. Kanuni ina busara, nami sinuni; bila hiyo kila mwenye fedha ya chapa angejitungia ukweli wake. Lakini fikiri ni mambo mangapi ya kwetu yaliyohifadhiwa kwa njia hii tu. Historia ya parokia iliyoandikwa na katekista mstaafu. Nasaba ya ukoo iliyopigwa chapa nakala 200 kwa ajili ya harusi. Diwani ya malenga ambaye hakuna kampuni iliyomtaka. Mgeni anayekuja langoni na mzigo wa namna hii hazuiwi na siku nne. Huzuiwa na swali asilokuwa na jibu lake, na ambalo hakuna aliyekaa naye kumweleza kwa nini linaulizwa na afanyeje.

Hapo ndipo penye kiini cha uhakiki wangu. Je, kuna ushahidi kwamba mtu wa kukaa na mgeni anasaidia? Upo, tena umetoka mikononi mwa Wikipedia yenyewe. Mwaka 2013 Aaron Halfaker na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu kupungua kwa wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza tangu mwaka 2007. Waliona kwamba wageni wenye nia njema walikuwa wakikataliwa zaidi na zaidi, mara nyingi kwa vyombo vinavyofanya kazi vyenyewe, na kwamba waliokataliwa hivyo hawakurudi. Mwaka 2012 uliwekwa ukumbi wa wageni uliopewa jina la nyumba ya chai, ambapo mgeni huuliza swali akajibiwa na mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba walioalikwa katika ukumbi huo walielekea kubaki zaidi ya wasioalikwa. Baadaye wageni wakaanza kupangiwa walezi na kupewa orodha ya kazi nyepesi za kuanzia. Haya ndiyo majembe ambayo methali inayasema. Tazama basi utaratibu ulivyo: uzio unamgusa kila mgeni bila kubagua, na kikombe cha chai ni kwa anayebahatika kukiona.

Sasa nigeukie nyumbani, maana sheria za wakubwa zina tabia ya kuigwa. Kila Wikipedia ya lugha hujiwekea kanuni zake. Ya Kireno, kwa mfano, mwaka 2020 ilikwenda mbali kuliko ya Kiingereza, ikawazuia wasiojiandikisha kuhariri makala kabisa. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003 na ina makala zaidi ya 80,000. Ya Kiingereza imepita milioni 7. Anayeimiliki milioni 7 na kuzongwa na maelfu wengine langoni ana sababu ya kuweka foleni. Sisi ambao wilaya nzima inaweza kuelezwa kwa sentensi mbili, foleni ya nini?

Na katika jambo hili lugha yetu imeonyesha hekima ndogo ninayoipenda sana. Makala fupi isiyojitosheleza, Wikipedia ya Kiswahili inaiita mbegu. Chini yake huwekwa maneno ya kumuuliza msomaji kama anajua jambo lolote zaidi kuhusu mahali hapo, historia yake au utamaduni wake, na kumwomba aongeze. Sentensi moja kuhusu bucha ya Gugulethu iliitwa upuuzi ikafutwa kwa dakika 22. Sentensi moja kuhusu kijiji cha Tanzania inaitwa mbegu na kuachiwa mvua.

Sisemi kwamba mbegu zote huota, wala kwamba kila kiotacho ni zao. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba maelfu kwa maelfu ya makala za Wikipedia ya Kiskoti yaliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo, aliyeanza akiwa na umri wa miaka 12. Alikuwa akiandika Kiingereza kilichovalishwa tahajia ya ajabu, kwa miaka, akidhani anasaidia. Hilo ni onyo kwa kila lugha yenye wahariri wachache. Lakini angalia: uzio wa siku nne na mabadiliko 10 kijana yule angeuruka katika juma lake la kwanza. Alikwisha kufikia hata cheo cha mkabidhi, yaani msimamizi. Yaliyokosekana, kama kwa Seigenthaler, ni macho: Mskoti mmoja wa kusoma na kusema, ndugu, hivi sivyo tunavyosema.

Hatari hiyo sasa imeongezeka, kwa kuwa kuna programu za kompyuta zinazoweza kuandika makala ndefu ya kiungwana kwa nusu dakika, ikiwa na marejeo ambayo hayapo duniani. Mwezi Agosti 2025 Wikipedia ya Kiingereza ilikubali kanuni ya kuzifuta haraka kurasa ambazo ni dhahiri zimetungwa na programu hizo bila mtu kuzipitia. Naiunga mkono. Hapa hoja ya uzio inapata nguvu kuliko wakati wowote uliopita, na sitaki kujifanya siioni. Ila hapa pia ndipo inapodhihirika kwamba kitu cha kulindwa ni mtu anayejua. Mashine haichoshwi na kungoja siku nne, na haikati tamaa ikipewa jibu la kunakili. Anayekata tamaa ni mwalimu wa Sumbawanga aliyepoteza jioni tatu na vocha ya intaneti kuandika habari za ziwa lililo karibu naye.

Hukumu yangu basi ni hii. Wikipedia ya Kiingereza na ibaki na uzio wake. Uwanja wake ni mkubwa na wafagiaji ni wachache. Lakini yanayohesabiwa yaongezwe. Kila wanapotangaza kurasa ngapi za takataka zimezuiwa, watangaze pia wageni wangapi walileta rasimu moja wasionekane tena, na wangapi kati yao walijibiwa na mtu kwa maneno yaliyoandikwa kwa ajili yao. Na Wikipedia za lugha kama yetu zisiazime uzio kabla hazijapata bawabu, kwa sababu uzio usio na bawabu ni ukuta tu.

Kiswahili kina neno hodi, na hodi haikamiliki bila jibu. Mwenye nyumba anaweza kujibu karibu. Anaweza kujibu ngoja kidogo, navaa. Anaweza hata kusema leo hatupokei wageni, na mtu mwungwana atageuka aende zake bila kinyongo. Asiloruhusiwa na adabu ya kwetu ni kunyamaza ndani, taa inawaka, huku mgeni amesimama nje na kikapu mkononi.